GARI LA FAMILIA LISIPIMWE KWA HERUFI YA NAMBA



Naomba nami nitoe machache kuhusu jambo linalowaumiza wananchi wengi, hasa sisi watumishi wa vijijini, nalo ni ununuzi wa magari madogo ya familia yaliyokwisha kutumika. Najua wapo watakaouliza mwalimu wa shule ya msingi ana habari gani na magari. Jibu langu ni kwamba nimemaliza likizo mbili nzima nikiyatafuta, na fedha niliyokuwa nayo haikuwa ya kuchezea.

Nieleze kwanza sababu. Mtoto wetu wa pili ana selimundu. Kijiji chetu kiko kilometa 22 kutoka barabara ya lami, na maumivu yakimshika usiku tulikuwa hatuna njia ila kumwamsha kijana wa bodaboda, mama amkumbatie mtoto katikati, mimi nibaki na wale wengine. Katika mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2023 pikipiki ikaanguka nao kwenye tope. Hakuna aliyevunjika mfupa, lakini wenye watoto wa namna hii wanajua baridi inavyowafanya. Alilazwa siku tisa. Ndipo mimi na mke wangu tukakubaliana kwamba ufuta wa misimu miwili, pamoja na mkopo wa SACCOS wa miaka mitatu, vinunue gari. Zilipatikana shilingi milioni 13 na nusu. Zikipotea hizo hakuna nyingine.

Wapo ndugu walionishauri ninunue jipya kabisa ili niepukane na mafundi. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye nazo. Gari jipya la ukubwa wa kati kwa wakala hugharimu mara kadhaa ya fedha niliyoitaja, na mshahara wa mwalimu haulifikii hata kwa mkopo. Ndiyo maana barabara zetu zimejaa magari yaliyotumika Japani. Kule gari la mtu binafsi likinunuliwa jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona ni afadhali kuliuza kuliko kulilipia ukaguzi mwingine. Hivyo gari linaloonekana limechakaa huko, huku linaweza kuwa na uhai mrefu bado. Mimi silikatai gari lililotumika. Ninachokikataa ni kununua kwa macho.

Nilichagua Toyota Premio, lile lililoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa mwaka 2001 na kurithi nafasi ya Corona. Kutengenezwa kwake kulikoma mwaka 2021, lakini vipuri vimejaa madukani, na fundi wa Kilosa analijua kama anavyojua jembe lake. Halafu ukubwa wake unafaa. Wajapani wana daraja la magari madogo ambalo urefu hauzidi meta 4.7, upana hauzidi meta 1.7 na injini haizidi lita 2, na Premio liko ndani ya mipaka hiyo. Watoto watatu wanakaa nyuma bila kugombana, na buti linameza gunia la mahindi na begi la hospitali.

Hapa wengi hukosea, nami nilikuwa mmoja wao. Mtu husema "nataka Premio" kana kwamba Premio ni moja. Lile la kwanza lilikuja na injini tatu: ya lita 1.5, ya 1.8 na ya lita 2. Huna haja ya kumwuliza muuzaji ni ipi. Fungua boneti, soma chesesi namba. Ikianza na NZT ni ile ndogo, ZZT ni ya 1.8, na AZT ni ya lita 2. Ile ya lita 2 ina nguvu na ni tamu kuiendesha, lakini petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa sana, na mitambo ya namna hiyo haipendi mafuta machafu. Sasa sisi kijijini petroli tunainunua kwenye chupa na madumu, imekaa juani wiki nzima, na nani ajuaye imechanganywa na nini. Nikaiacha. Ile ya 1.8, hasa ya miaka ya mwanzo, ina sifa ya kula oili inapozeeka. Si mbaya, mradi mwenyewe awe mtu wa kupima oili kila wiki. Mimi nikaamua kutafuta ya 1.5. Wale wanaotazama Premio za kuanzia mwaka 2007 wakumbuke kwamba nyingi zina giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kawaida. Hiyo ina oili yake ya pekee, na ikiwekewa oili ya otomatiki ya zamani huharibika.

Kwa hayo machache nikapanda basi kwenda Dar es Salaam. Katika mkoba nilikuwa na daftari, tochi, na sumaku ya sanduku la sayansi la darasa la tano, ambayo niliizungushia kitambaa ili isikwaruze rangi ya watu.

Katika yadi moja, ambayo sitaitaja, kijana alinipokea vizuri. Akanionyesha Premio jeupe linalong'aa hata unajiona usoni. "Ticha, hili ni namba E," akaniambia, kama kwamba mazungumzo yamekwisha. Ndugu wasomaji, ugonjwa huu wa namba umetuingia sana. Watu hawaulizi gari lina hali gani, wanauliza ni namba C, D au E. Lakini herufi ile hueleza gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haisemi lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. Gari la mwaka 2003 likishushwa bandarini hivi karibuni nalo litapata herufi ya karibuni, na uzee wake uko pale pale.

Mita yake ilisoma kilometa 68,000. Nikainama kutazama pedeli ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia, na usukani ulikuwa laini kama mpini wa jembe la bibi. Kilometa 68,000 haziwezi kufanya kazi hiyo. Nikaomba nakala ya cheti cha Japani cha kulisafirisha gari nje, kwa sababu humo kilometa huandikwa. Akasema kiko kwa bosi. Nikaomba karatasi ya mnada, ile yenye mchoro wa gari na alama zake: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na juu kuna daraja, ambapo herufi R maana yake ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Nayo ikawa kwa bosi.

Basi nikatoa sumaku yangu. Kijana akacheka, akawaita wenzake waje wamwone mwalimu anayevua samaki kwenye gari. Mlango wa mbele ukaishika sumaku vizuri. Mlango wa nyuma vizuri. Nilipofika kwenye ubavu wa nyuma wa kushoto, juu ya tairi, ikateleza ikaanguka chini. Pale chini ya rangi hapakuwa na bati, palikuwa na puti nene. Kicheko kikapungua.

Nikavuta mkanda wa kiti cha nyuma hadi mwisho wake. Hili namshauri kila mtu alifanye, maana wauzaji huosha kila kitu lakini mara nyingi husahau kipande cha mkanda kilichojikunja ndani. Ukikuta mstari wa tope, gari hilo liliwahi kuzama. Lile halikuwa limezama, nalisema hilo kwa haki. Mwisho nikasoma matairi. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2312 tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, hata kama limepakwa dawa likang'aa kama kiatu cha askari. Moja lilikuwa la 2012, mengine matatu kila moja na mwaka wake. Nikamshukuru kijana, nikaaga.

Sitawachosha na magari mengine manne niliyoyatazama. La tano lilikuwa Morogoro, kwa mzee mmoja bwana shamba mstaafu. Namba C, rangi ya fedha iliyofifia, bampa lina ufa. Dalali alinipeleka kwa aibu. Nilikuwa nimempigia mzee simu usiku nikamwomba asiliwashe kabla sijafika, kwa kuwa injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, weka mkono kwenye boneti mwenyewe." Lilikuwa baridi. Likawaka mara moja, moshi mweupe kidogo wa asubuhi ukatoka ukaisha. Wa buluu haukuwapo, na huo ndio wa kuogopa, kwani ni oili inaungua. Chesesi namba ilianza na NZT na ililingana na kadi, na kadi ilikuwa na jina lake mwenyewe. Tukakata usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku linatembea polepole, nikasikiliza kama magurudumu ya mbele yanagonga. Kimya. Kutoka rivasi kwenda D halikushtuka.

Lakini kilichoninunulisha si hayo. Mzee aliingia ndani akatoka na daftari la kurasa 96, la aina ile ile wanayotumia wanafunzi wangu. Mlikuwa na kila oili iliyomwagwa, tarehe na kilometa zake, kwa miaka kumi na moja. Plagi, bushi, breki, rejeta iliyobadilishwa, hata siku alipogongwa bampa sokoni. Mita ilisoma kilometa 214,000 na mzee hakuona haya. Nami nasema kilometa 214,000 zilizoandikwa ni afadhali kuliko 68,000 za mdomoni.

Kasoro zilikuwapo. Kiyoyozi hakipoozi, shokapu ya nyuma kushoto inavuja, matairi mawili yamezeeka. Nikaongeza kwamba mlango wa nyuma wa kulia haufunguki kutoka ndani, na kwa ajili ya mlango huo mzee akapunguza laki moja bila kubisha. Baadaye fundi akanionyesha kitufe kidogo pembeni mwa mlango, kinachowekwa ili watoto wasifungue gari likitembea. Haukuwa mbovu hata kidogo. Nilimpigia mzee simu kumrudishia laki yake. Akacheka sana, akasema ninunulie wanafunzi chaki.

Tulipatana milioni 11 na laki mbili. Fedha iliyobaki, milioni mbili na laki tatu, ndiyo iliyotengeneza gari kweli: matairi, shokapu, bima, na gharama za kuhamisha umiliki. Hapa nasisitiza. Anayemaliza fedha zote kwa kununua huanza kuomba watu wamsukume tangu wiki ya kwanza. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo siku hizi anayeendesha zaidi ndiye anayelipa zaidi. Hivyo pimeni ulaji wenyewe. Dalali aliniapia kilometa 18 kwa lita. Mimi nilijaza tangi hadi juu, nikatembea kilometa 302 za lami na vumbi, nikajaza tena hadi juu, zikaingia lita 23.4. Gawanya upate 12.9. Hesabu ya darasa la sita hiyo.

Je, gari la tumbo la chini linafaa kijijini? Kusema kweli, si mwezi wote. Kabla ya kulipa nilimwomba mzee tuje nalo hadi kwetu, tukapakia mke wangu, watoto watatu na magunia mawili ya pumba. Likagusa mawe mara mbili kwenye kivuko cha mto, na sauti ile ilinikata maini. Vijana wa kijiji wakatusaidia kuyang'oa mawe yale. Masika yakikolea kwenye tope jeusi la mbugani gari hubaki limeegeshwa kwa mtani wangu karibu na lami, nasi tunalifuata kwa trekta. Waliotaka niliinue kwa kuliwekea vipande juu ya springi nimewakatalia kwa sasa, hadi fundi anihakikishie kwamba halitayumba kwenye kona.

Ombi langu kwa wahusika ni moja. Cheti cha Japani kinabeba kilometa; basi na kadi yetu ya gari izibebe, ziandikwe siku gari linapoingia nchini na kila linapobadilisha mwenyewe. Wale wa kurudisha mita nyuma watapata kazi nyingine. Na wauzaji waliotundika bango la "ukweli na uaminifu" mlangoni waanze kuziweka karatasi za mnada mezani, zisikae kwa bosi.

Mtoto wetu amekwisha kupelekwa hospitali mara mbili na gari hilo, mara ya mwisho saa nane za usiku huku mvua inanyesha. Alifika mkavu. Daftari la mzee bado naliendeleza, nimefika ukurasa wa 71.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.