Kimea na Chachu: Utengenezaji wa Busaa kwa Nafaka Tupu

Maneno mawili ya Kiswahili, kimea na chachu, yamebeba takriban sayansi yote ya utengenezaji wa pombe ya nafaka. La kwanza linatokana na kitenzi mea. La pili lina uhusiano na chacha. Punje humea, kisha mchanganyiko huchacha. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili wa leo aghalabu hukutana na maneno haya kamusini tu, na akiulizwa bia hutengenezwaje, hutaja kiwanda. Makala haya yanaeleza jinsi busaa, pombe ya mahindi na wimbi inayohusishwa hasa na magharibi mwa Kenya, inavyotengenezwa nyumbani, na sababu ya kila hatua.

Kazi huanza na wimbi wala si mahindi. Wimbi huoshwa, hulowekwa kwa muda wa siku moja hivi, hutolewa majini na kufunikwa kwa gunia au majani ya mgomba, na kunyunyiziwa maji hadi litoe vijimizizi. Baada ya siku tatu hivi huanikwa juani, likikauka husagwa. Hicho ndicho kimea. Anayeanza huenda akadhani kwamba kuotesha huku ni desturi tu, ilhali hapa ndipo penye siri. Punje inapoota, huunda vimeng'enya vya kuuvunja wanga wake uwe sukari, ili mche upate chakula. Mtengenezaji huukatiza uhai huo kwa jua, lakini vimeng'enya hubaki ungani vikisubiri maji. Chachu haiwezi kuula wanga, hula sukari. Pasipo kimea, mahindi yangebaki uji.

Unga wa mahindi hukandwa kwa maji ukawa donge zito, kisha hufunikwa kwa siku mbili au tatu. Katika muda huo bakteria huutia uchachu. Donge hilo halafu hukaangwa juu ya bati au karai pana, likivunjwavunjwa na kugeuzwa bila kukoma hadi liwe chenga za rangi ya kahawia. Hatua hii ndiyo inayoichosha mikono, na ndiyo inayoipa busaa harufu yake ya nafaka iliyochomwa. Ina kazi nyingine isiyoonekana: wanga wa mahindi ni mgumu, na vimeng'enya haviupenyi vizuri mpaka uwe umepikwa. Watengenezaji wa bia ya shayiri hawana taabu hiyo. Wao huloweka kimea katika maji ya nyuzi 65 hivi za selsiasi kwa muda wa saa moja, na wanga wa shayiri huiva na kuvunjika papo hapo.

Chenga zikishapoa huchanganywa na maji na kimea katika mtungi au chombo safi cha plastiki kinachofaa kwa chakula. Kupoa ni sharti, kwani joto kali huviharibu vimeng'enya kabla havijafanya kazi. Viwango hutofautiana baina ya mtengenezaji na mwenzake. Lakini anayekipunguza kimea mno kwa kubana matumizi ataishia kuwa na kinywaji kichachu kisicho na nguvu. Kuanzia hapo mambo mawili huenda sambamba: kimea huzalisha sukari, nayo chachu huila ikitoa kileo na hewa ya ukaa. Povu hupanda, na chombo huvuma kama mzinga. Katika siku mbili hadi nne busaa huwa tayari. Haichemshwi wala kutiwa hopsi kama bia ya kiwandani. Uchachu ndio unaoilinda, tena kwa muda mfupi tu, maana hunyweka ingali ikichacha.

Inafaa kutaja hapa kwamba bia ya kiwandani nchini Kenya ina umri wa karne moja tu. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mwasisi wake mmoja, George Hurst, aliuawa na ndovu. Inasemekana jina la bia ya Tusker lilitokana na mkasa huo. Kwa msemaji wa Kiswahili ambaye tembo kwake ni mnyama na pia ni kileo cha mnazi, sadfa hiyo inachekesha na kuhuzunisha.

Hatari ya busaa mara nyingi hutafutwa mahali pasipo. Methanoli iliyoua watu zaidi ya mia moja jijini Nairobi mnamo Novemba 2000 haikutokana na kimea wala chachu. Ilikuwa katika kileo haramu kilichouzwa kwa bei ya chini. Hatari halisi ya anayetengeneza busaa imo ghalani. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo kwa namna ya kutegemewa. Mahindi yaliyoota ukungu, na vilevile wimbi lililovunda badala ya kuota, hayafai kuokolewa kwa kisingizio kwamba yatachachuka hata hivyo. Aidha, sheria ya mwaka 2010 ya udhibiti wa vileo iliondoa marufuku ya chang'aa iliyowekwa mwaka 1980, ila haikuacha mlango wazi: kutengeneza na kuuza kileo kunahitaji leseni.

Busaa iliyoiva hukamuliwa kupitia kitambaa au gunia safi. Penye wazee, huenda ikaachwa mtungini bila kuchujwa na kuongezwa maji ya moto, nao wakaivuta kwa mirija mirefu yenye kichujio nchani. Machicha yanayobaki hulishwa nguruwe na kuku.