Mining Week: nani anaingia ndani ya ekipe ya kampani?

Karibu kila mwaka, kwa mwezi wa sita, Lubumbashi inajaa watu wa migodi. Mahoteli hayana nafasi, majeep ya Kolwezi na Likasi yanafungana barabarani. Ni DRC Mining Week: siku chache za mikutano, na wauzaji wa mashine, wa pampu, wa baruti, kila mmoja na meza yake. Kampani haitumi mutu moja. Inatuma ekipe nzima.

Mwaka jana kampani yetu ilinitia kwenye orodha. Tulikuwa tisa: direkta, mtu wa feza, wawili wa mahusiano na vijiji, mainjenia wane, na mimi delege wa watumishi. Tuliondoka Kolwezi saa kumi ya usiku, safari ya kilomita karibu 300, na ndani ya jeep kila mtu akapewa kofia na shati yenye jina la kampani.

"Papa delege, wewe utasimama kwa meza yetu. Watu bakuone."

Nikaelewa. Mimi ni picha.

Siku ya kwanza nilisimama kweli, nikagawa biki na kalenda. Miguu iliuma kuliko ndani ya karieri. Lakini mikutano inafanyika vyumba mbalimbali kwa saa ileile, na mtu mmoja hawezi kusikia yote. Mainjenia wetu walijua hiyo: asubuhi waligawana vyumba, magaribi walikutana na kupashana habari. Nikamwomba direkta: na mimi munipe chumba. Akacheka, akasema haya.

Nilienda pale walizungumza juu ya sutretansi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi hiyo iwe ya kampani zenye mtaji wa Wakongo. Wasemaji walivutana juu ya hiyo tu: mtaji ni wa nani kweli, nani amekopesha jina lake. Mutumishi hakutajwa hata mara moja. Karibu na mwisho, bwana mmoja wa kampani ndogo akalalamika: mgodi unamulipa kwa kichwa cha mtu, kila mwezi, na bei haipande.

Kwa kichwa! Nikaandika neno hilo nyuma ya kalenda. Kumbe bei iko, imeandikwa ndani ya kontra, na madereva wetu wa makamyo hawajaiona hata siku moja. Sisi tunapouliza, tunajibiwa kwamba mushahara wao ni mambo ya sutretanti, mgodi hauna neno.

Niliporudi, mulangoni saa ya kubadilisha posti, walicheka kofia yangu. "Papa, ulikula muzuri kule? Umetuletea nini?" Nikawaeleza. Dereva moja, amefanya miaka sita chini ya masutretanti watatu, kamyo ileile, akauliza: "Basi kichwa yangu ni bei gani?"

Sikuwa na jibu. Tukaandikia direksio: muonyeshe madelege ile mistari ya kontra. Wakajibu kontra ni siri ya kampani mbili. Tukaandika tena, kopi kwa Inspeksio ya Kazi.

Na kwa orodha ya mwaka huu tuliomba kiti kimoja cha dereva wa sutretansi. Kiti wamekubali. Barua ingali inangojea jibu.