Sarafu Zako, Kura ya Mwingine

Kwenye sacco, kila mwanachama ana kura moja. Uwe na hisa za elfu mbili au za milioni mbili, siku ya mkutano mkuu mnatoshana. Kwenye mitandao mingi ya kripto si hivyo: mwenye sarafu nyingi ndiye mwenye usemi. Sasa, je, sarafu zikiwa zako lakini anayezishika ni mwingine? Hapo ndipo kisa cha Steem kinapotuhusu.

Steem ilianza 2016. Ni mtandao wa kijamii uliojengwa juu ya blokicheni, yaani daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi badala ya benki moja. Watu walilipwa sarafu ya STEEM kwa kuandika. Daftari lilisimamiwa na mashahidi wakuu 20 waliochaguliwa kwa kura, na uzito wa kura yako ulitegemea sarafu ulizofungia humo.

Kampuni ya Steemit ilikuwa imejiwekea fungu kubwa tangu siku za kwanza. Wanajamii walielewa kwamba fungu hilo ni la kuendeleza mtandao, si la kupigia kura. Halafu Februari 2020, Justin Sun, mwanzilishi wa Tron, akainunua kampuni. Mashahidi wakaingiwa na wasiwasi, wakalifungia fungu lote. Tuseme ukweli, hilo nalo halikuwa jambo dogo: kumzuilia mtu mali aliyoinunua kwa sababu tu unaogopa atakachofanya nayo.

Jibu likaja Machi 2. Masoko matatu ya kripto, Binance, Huobi na Poloniex, yakapiga kura kwa STEEM zilizowekwa huko na wateja, na mashahidi wa zamani wakang'olewa. Wateja hawakuulizwa. Kibaya zaidi, sarafu ikishafungiwa ili ipige kura, kuitoa yote wakati huo kulichukua wiki 13. Binance na Huobi baadaye ziliondoa kura zao, Binance ikisema ilidhani ni uboreshaji wa kawaida wa mfumo. Mwenye kungoja alingoja tu.

Machi 20 jamii ikagawanyika. Waliokataa wakanakili daftari na kuanzisha Hive, wengi wakapata salio lilelile, fungu la Steemit likaachwa nje. Mei, upande wa Steem nao ukanyakua zaidi ya STEEM milioni 23 kutoka kwa akaunti za watu waliokuwa upande wa pili.

Kwa pesa ya simu hapa Kenya, kanuni za 2014 zinataka pesa za wateja ziwekwe kwenye amana, kando na pesa za kampuni. Kwa kripto, usidhani ni hivyo hivyo. Kabla hujaacha sarafu kwa soko lolote, uliza huduma kwa wateja: mnaweza kuzipigia kura au kuzifungia bila idhini yangu? Wakianza kuzungukazunguka, tuma kiasi kidogo kwenye pochi ambayo funguo zake unazo wewe mwenyewe. Kikifika salama, hamisha zilizobaki.