Simu Mpya Mkononi: Programu Zipi Ziwekwe, Zipi Ziachwe

Simu janja si kitu cha watu wa mjini pekee tena. Tangu Julai 2020, Safaricom na Google zilipoanzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mkulima wa majani chai kule Githongo au mwendesha bodaboda wa Siakago ameweza kuchukua simu na kuilipia shilingi chache kila siku. Oktoba 2023 zilizinduliwa pia simu zinazounganishwa humu nchini, Athi River, bei ikianzia shilingi 7,499.

Shida huanza simu ikishatoka kwenye kasha. Simu za bei nafuu huwa na nafasi ndogo ya kuhifadhi vitu, na kila programu inayowekwa hula nafasi hiyo, bando na betri. Nyingine hula kitu cha thamani zaidi: siri za mwenye simu na za watu aliowahifadhi humo. Ndiyo maana inafaa kuchagua kabla ya kupakua.

Anza na kazi

Kabla ya kufungua Play Store, mwenye simu aandike kwenye karatasi mambo manne au matano anayotaka simu imsaidie. Kwa familia nyingi za Meru na Embu, orodha itakuwa na pesa, huduma za serikali, kilimo, hali ya hewa na mawasiliano na jamaa. Kisha achague programu moja kwa kila jambo. Programu mbili za kazi ile ile ni mzigo.

Baadhi ya kazi hazihitaji programu kabisa. M-Pesa hupatikana kwa kubonyeza *334#, na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hufanyika kwa *147#. Njia hizi hazihitaji intaneti na zinafanya kazi hata kwenye mulika mwizi. Huduma za eCitizen nazo hufunguka kwenye kivinjari kilichokuja na simu, na malipo yake hupitia nambari ya Paybill 222222. Anayekwama anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre ya Meru au ya Embu.

Kwa mkulima, programu iliyo na faida ya wazi ni PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Mkulima huelekeza kamera kwenye jani la mhindi, nayo humwambia iwapo dalili ni za viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia Kenya mwaka wa 2017. Inazungumza Kiswahili, na ikishapakuliwa hufanya uchunguzi huo bila intaneti. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, ambalo lina kituo mjini Embu, pia lina programu zake kuhusu mazao mbalimbali.

Programu ya hali ya hewa inahitaji uangalifu. Eneo letu linashuka kutoka miteremko ya Mlima Kenya hadi nyanda kavu za Mbeere, na mvua ya Manyatta si mvua ya Ishiara. Mtumiaji aweke jina la mahali alipo shamba lake, wala asitegemee utabiri wa mji ulio mbali, kisha aulinganishe na ule wa Idara ya Hali ya Anga.

Tazama inachoomba

Programu inapofunguliwa mara ya kwanza huomba ruhusa: kutumia kamera, kujua mahali ulipo, kusoma ujumbe au kuona majina na nambari za watu. Swali la kujiuliza ni moja: je, kazi yake inahitaji kitu hicho? Nuru inahitaji kamera ili ione jani. Tochi haina haja na nambari ya simu ya shemeji yako.

Hatari ilionekana wazi katika programu za mikopo. Baadhi ya wakopeshaji walichukua nambari za jamaa na marafiki wa mkopaji, kisha wakawapigia kumwaibisha alipochelewa kulipa. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, zinazowataka wawe na leseni. Tangu Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo kuona majina na picha zilizo kwenye simu. Mwaka huo huo, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja faini ya karibu shilingi milioni 3.

Kwa hivyo, anayetaka kukopa athibitishe kwanza kuwa mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Programu inayotumwa kwa kiungo cha WhatsApp badala ya kupatikana Play Store iachwe, hata ikiwa imetumwa na mtu unayemjua. Aliyesumbuliwa kwa sababu ya deni la mtu mwingine ana haki ya kulalamika kwa Kamishna chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Panga kama stoo

Stoo iliyopangwa haimpotezei mtu muda. Programu nne zinazotumika kila siku zikae chini ya skrini, karibu na kidole gumba. Zilizobaki ziwekwe kwenye folda. Bonyeza alama ya programu bila kuachilia, iburute hadi juu ya nyingine, na folda itajitengeneza. Ipe jina linaloeleweka nyumbani: Pesa, Serikali, Shamba, Watoto.

Katika WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Video za makundi ndizo mara nyingi hujaza simu na kumaliza bando. Baada ya mwezi mmoja, fungua Mipangilio, tazama orodha ya programu, na uondoe ambayo hujaigusa.

Funga mlango

Simu yenye pesa haiachwi bila nambari ya siri ya kuifungua, nayo isiwe sawa na ya M-Pesa. Bonyeza *#06# upate nambari ya utambulisho wa simu, uiandike kwenye daftari pamoja na risiti. Polisi watahitaji nambari hiyo simu ikiibwa. Kwa *106#, mteja wa Safaricom huona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Safaricom huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000 pekee. Anayepiga kwa nambari nyingine akidai anatoka huko na kuuliza nambari ya siri ni tapeli, na ujumbe wa ulaghai hutumwa bila malipo kwa 333. Mzee au kijana anayefunzwa simu nyumbani afundishwe hilo kabla ya kuonyeshwa programu yoyote.