Je, Wajua? Kompaila Inapogoma

Je, wajua kwamba makosa 200 yanayomwagika kwenye skrini programu inaposhindwa kujengwa yanaweza kuwa na mzizi mmoja tu? Mtu akisahau nukta mkato au mabano ya kufunga, kompaila hupotea njia, na mistari mizima iliyo chini yake huonekana mibovu. Ndiyo maana logi haisomwi kuanzia mkiani. Panda juu hadi kosa la kwanza, lirekebishe, kisha jenga tena. Kompaila ya Clang yenyewe huacha kulalamika ikifikisha makosa 20, isipokuwa umeiagiza vingine.

Na je, kosa la kwanza ni lile lililoandikwa juu kabisa? Si lazima. Make, chombo cha kujenga programu alichokiandika Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976 na kinachotumika hadi leo, kinaweza kuamriwa kufanya kazi 16 kwa wakati mmoja, na maneno ya kazi zote hizo huchanganyikana kwenye logi moja. Kazi iliyokwama hufunikwa na mistari ya wenzake waliokuwa bado wanaendelea. GNU Make 4.0 ya mwaka 2013 ilileta njia ya kuyaweka pamoja maneno ya kila kazi. Asiye na toleo hilo hurudia ujenzi kwa kazi moja moja.

Ukirudia hivyo na ujenzi ukafaulu, usishangilie mapema. Huenda umegundua ugonjwa mwingine: kuna faili linalohitaji jingine litangulie kutengenezwa, na hakuna aliyeiambia Make. Kazi zikienda kwa foleni, bahati huliweka mbele. Zikienda sambamba, bahati hukatika. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2022, GNU Make inaweza kuvuruga mpangilio kwa makusudi ili kasoro za namna hii zijitokeze zenyewe.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa ujenzi milioni 26.6 uliofanyika ndani ya Google kwa miezi tisa, wa C++ na Java. Makosa yaliyoongoza yalihusu utegemezi: jina lisilojulikana, faili lisiloonekana, maktaba isiyotajwa. Kwa hiyo kabla ya kushuku mantiki ya msimbo, uliza kama kila kinachohitajika kipo na kimetajwa.

Je, wajua kwamba kila programu ikimaliza kazi huacha namba? Sifuri maana yake salama. Nyingine yoyote kwa kawaida ni msiba. Ganda la amri likiona programu imeuawa na mfumo endeshi, hujumlisha 128 na namba ya ishara iliyoiua. Hivyo 139 ni ishara ya 11, yaani programu imegusa memori isiyo yake. Na 137 ni ishara ya 9: imeuawa papo hapo, bila nafasi ya kujieleza. Kwenye seva za ujenzi, 137 mara nyingi ni dalili kwamba memori imekwisha na keneli ya Linux imechagua wa kumtoa kafara. Faili moja la C++ lenye templeti nyingi laweza kula gigabaiti nzima na zaidi. Zidisha kwa kazi 16 uone. GCC ikikutwa na hayo huandika kwamba cc1plus, ile sehemu yake inayotafsiri C++, imeuawa. Dawa ni kupunguza kazi za sambamba au kuongeza memori. Kumrudishia mwandishi msimbo wake aukague, wakati hauna kosa lolote, ni kumwonea.

Tena mashine yenyewe yaweza kuwa mgonjwa. Miaka ya 1990, watu waliokuwa wakijenga keneli ya Linux nyumbani walikuwa wakiona GCC ikianguka kwa ishara ya 11, leo kwenye faili hili, kesho kwenye lile. Mara nyingi chanzo kilikuwa chipu mbovu za memori: ujenzi mrefu huikamua memori kuliko kazi nyingi za kawaida. Kipimo chao bado ni halali. Rudia. Kosa likihama, shuku kifaa. Likibaki palepale, shuku programu. GCC zinazosambazwa na baadhi ya matoleo ya Linux hujirudia zenyewe zikianguka, na zikiona kosa halijirudii hukuambia kwamba huenda tatizo ni la mashine.

Mfumo endeshi nao huchangia: faili linaloitwa Config.h na lile la config.h ni kitu kimoja kwenye kompyuta nyingi za Mac, lakini ni mawili kwenye Linux. Msimbo unaojengeka mezani kwako hukwama kwenye seva kwa herufi moja kubwa.

Saa ya seva ikiwa nyuma, Make huona mafaili yaliyotoka siku zijazo na kukuonya kwamba ujenzi huenda haukukamilika. Lichukue onyo hilo kwa uzito.

Kuna balaa la kijani pia, yaani ushindi wa uongo. Ukipitisha maneno ya Make kwenye tee ili yahifadhiwe, namba inayobaki mwishoni ni ya tee. Tee ikiandika vizuri, mfumo hutangaza ushindi juu ya programu isiyojengeka. Bash ina kinga yake, pipefail, lakini lazima uiwashe.

Hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni hii. Hati za configure hutunga viprogramu vidogo na kujaribu kuvijenga ili kujua mfumo una nini. Mwaka 2024, GCC 14 ilianza kuhesabu kuita kazi isiyotangazwa katika C kuwa kosa, si onyo tena. Viprogramu vya zamani vilivyoandikwa kizembe vikakataliwa, na configure ikaweza kuhitimisha kwamba uwezo fulani haupo, ilhali upo. Ujenzi unafaulu, bidhaa inatoka ikiwa na pengo, na hakuna aliyeonywa. Ushahidi umelala ndani ya config.log, lilinganishe la jana na la leo kila unapobadilisha kompaila.

Badiliko lipi limevunja? Kati ya 1,000, git bisect hulipata kwa majaribio kama 10 tu. Likitokea toleo lisilopimika kwa sababu nyingine, hati uliyoipa kazi ya kupima kila toleo irudishe 125, nayo git italiruka.

Je, kompaila nayo hukosea? Hukosea. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza kazi ya Csmith, inayotunga programu za C kwa nasibu: iliibua kasoro zaidi ya 325 zisizojulikana, na kila kompaila waliyoijaribu iliwahi kuanguka na pia kutoa kimyakimya tafsiri mbovu ya msimbo halali. Ukishuku hilo, usitume mradi mzima. Clang ikianguka huacha faili lililokwisha kuandaliwa pamoja na hati ya kurudia kosa; C-Reduce hulipunguza faili hilo hadi mistari michache. Hiyo ndiyo tume kwa watunza kompaila, pamoja na namba ya toleo.