Kingamwili Zinazong'aa na Ishara za Ndani ya Seli

Kila seli ya mwili hupokea amri: ikue, igawanyike au ife. Amri hizo husafirishwa ndani ya seli na protini za ishara, ambazo mara nyingi huamshwa kwa kubandikwa kipande kidogo cha fosfeti. Protini hizo hazionekani kwa hadubini ya kawaida. Ndiyo maana watafiti hutumia kingamwili zinazong'aa.

Kingamwili ni protini ya kinga inayoshika shabaha yake maalumu. Mwaka 1941, nchini Marekani, Albert Coons na wenzake waliambatisha kemikali inayong'aa kwenye kingamwili dhidi ya bakteria wa nimonia. Kemikali mojawapo inayotumika hadi leo ni fluoresini: ikimulikwa kwa mwanga wa buluu, hutoa mwanga wa kijani. Panapong'aa ndipo ilipo shabaha.

Faida yake huonekana katika saratani ya damu ya mieloidi sugu. Katika ugonjwa huu, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, na hapo hutokea BCR-ABL, kimeng'enya kisichopumzika. Kimeng'enya hicho hubandika fosfeti kwenye protini ya ishara iitwayo CRKL. Imatinibu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hukizuia.

Ili kujua kama dawa imefika inapotakiwa, watafiti huchukua seli nyeupe za damu, huzihifadhi kwa fomaldehidi, hutoboa utando wake kwa kemikali, kisha huingiza kingamwili inayoitambua CRKL yenye fosfeti pekee. Seli hupitishwa moja moja mbele ya mwali wa leza. Mng'ao ukipungua, kimeng'enya kimezuiwa. Usipopungua, sababu hutafutwa: huenda dozi zimerukwa, au BCR-ABL yenyewe imebadilika.

Hata hivyo, mng'ao huweza kudanganya. Seli zilizokufa hunasa kingamwili ovyo, na baadhi ya seli hung'aa zenyewe. Kwa hiyo kila kipimo huambatana na sampuli za ulinganisho. Isitoshe, fosfeti huweza kubanduka muda mfupi baada ya damu kutolewa. Sampuli iliyochelewa mezani yaweza kuonyesha kwamba dawa inafanya kazi ilhali haifanyi. Muuguzi anayeandika saa ya kutoa damu na kuiwahisha maabara hulinda ukweli wa matokeo sawasawa na mtaalamu wa leza.

Kwa mgonjwa, jambo moja ni la lazima kulifahamu. Kingamwili nyingi za aina hii huuzwa kwa ajili ya utafiti tu, wala si za kutambua ugonjwa. Saratani hii huthibitishwa kwa vipimo vya kromosomu au vya jeni ya BCR-ABL. Aliyejitolea damu kwa utafiti ana haki ya kueleweshwa itatumikaje. Lakini asiache dawa wala kubadili dozi kwa sababu ya mng'ao ulioonekana maabara, kabla ya kushauriana na daktari wake.