Nguzo Zilizo Chini ya Ardhi

Hapa kwetu Kasulu mtu akitaka kujenga nyumba ya matofali hutafuta kwanza udongo mzuri. Huchimba, hufyatua matofali, huyachoma katika tanuri, na nyuma yake hubaki shimo. Tuseme mtu mmoja hakulijaza shimo lake, bali alilaza magogo juu yake, akatandaza udongo, majani yakaota. Baada ya miaka akahama, na mtu mwingine akajenga nyumba mahali pale. Mchwa wakayala magogo polepole gizani, wala hakuna aliyejua. Hata siku moja wakati wa mvua, sakafu ikatitia na ukuta ukapasuka. Je, nani atalipa: yule aliyechimba zamani, au huyu aliyejenga bila kujua?

Swali kama hili limewasumbua watu wengi katika nchi zenye migodi ya makaa ya mawe, nalo limeamuliwa mbele ya mahakimu wakubwa. Lakini kwanza tujue ardhi hutitia kwa sababu gani.

Makaa ya mawe yalikuwa miti na majani hapo kale sana. Yalifukiwa chini ya matope na mchanga, yakagandamizwa muda mrefu mno, hata yakawa mawe meusi yawakayo. Yamelala katika matabaka, kama mikeka iliyotandikwa, na kati ya tabaka na tabaka kuna mwamba. Wachimbaji hushuka kwa shimo refu, kisha huchimba njia za kwenda kando. Wakiyaondoa makaa yote, mwamba ulio juu utawaangukia. Kwa hiyo, kwa desturi ya zamani, huacha nguzo nene za makaa yenyewe ili ziushike mwamba.

Walakini nguzo ile nayo ni mali, na mwenye tamaa hutaka kuipunguza. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo nyingi zilivunjika pamoja, na watu zaidi ya 400 wakafa chini ya ardhi.

Hatari haiishi mgodi unapofungwa. Pampu zikisimama, maji hujaa ndani, nguzo hulowa na kumomonyoka. Paa la mwamba huanguka kidogo kidogo, na kila lipoangukapo, uwazi hupanda juu zaidi, kama povu lipandavyo katika chungu cha uji. Mwisho uwazi ule hufika juu, na shimo hufunguka ghafula shambani au njiani. Pengine ardhi haifunguki, bali hushuka taratibu mahali papana: kuta hupata nyufa, milango haifungiki, mabomba ya maji hukatika. Jambo hili laweza kutokea baada ya miaka mingi, wakati wachimbaji wenyewe wamekwisha kufa.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Katika Uingereza ilikuwa kawaida mtu mmoja kuwa na haki ya shamba, na mwingine kuwa na haki ya makaa yaliyo chini yake. Mwaka 1850 kesi moja ya Durham iliamuliwa. Wachimbaji walikuwa wamefanya kazi kwa uangalifu na kwa desturi ya mahali pale, lakini hawakuacha nguzo za kutosha, na ardhi ikashuka. Mahakama ikasema kwamba uangalifu peke yake hautoshi: ardhi ya juu ina haki ya kushikwa na ya chini.

Kesi ya pili ilitoka Yorkshire. Kampuni ya Darley Main ilichimba makaa chini ya ardhi ya mtu mmoja katika miaka ya 1867 na 1868. Nyumba zake zikaharibika, zikatengenezwa. Mwaka 1882 ardhi ikashuka mara ya pili. Kampuni ikajitetea kwamba kazi ile ilikwisha zamani, na muda wa kushtaki umepita. Lakini mwaka 1886 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likaamua kwamba kila ardhi ishukapo na kuleta hasara mpya, mwenye nyumba ana haki mpya ya kudai. Kisha, mwaka 1957, Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuilazimisha halmashauri ya taifa ya makaa kutengeneza au kulipa uharibifu wa namna hii.

Neno hili linatuhusu na sisi. Tanzania ina makaa ya mawe. Huko Ngaka, mkoani Ruvuma, hufukuliwa kutoka juu. Lakini Kiwira, kusini-magharibi, ulifunguliwa mgodi wa chini ya ardhi mwaka 1988. Kwa sheria yetu ya madini ya mwaka 2010, madini si mali ya mwenye shamba, bali ni ya taifa. Naye apewaye leseni ya kuchimba hupaswa kumlipa mwenye shamba fidia ya haki kwa mazao, miti na majengo anayoyaharibu. Basi na huku kwetu mwenye juu na mwenye chini ni wawili.

Kwa hiyo ukiona ufa mpya ukutani, au ardhi imebonyea mahali palipochimbwa zamani, usisogee kuchungulia. Waambie wakubwa, nao waandike tarehe na kupeleka habari serikalini mapema. Na wewe, ukichimba, jaza shimo lako. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Na shimo lililofunikwa kwa magogo ni deni lililofichwa.

Maswali
1. Kwa nini wachimbaji huacha nguzo za makaa?
2. Eleza jinsi uwazi wa chini unavyofika juu ya ardhi.
3. Kampuni ya Darley Main ilijitetea vipi, na mahakama ilijibu nini?
4. Katika habari ya shimo la matofali, wewe ungeamua nani alipe? Toa sababu.